Jiji linalojua kukata, lisilojua kupasua

Nimekasirika ndugu zangu, na safari hii sijakasirishwa na mwanasiasa. Nimekasirishwa na mwembe. Au tuseme nimekasirishwa na yaliyoupata mwembe, na mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale nimeshika simu, napiga picha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na eneo Toangoma, Temeke, tangu enzi zile ukisema unaishi Toangoma watu wanakuuliza mnarudi mjini lini. Mwembe aliukuta. Chini yake tulikula pilau za Idi, tulikalia matanga ya babu, tulipigwa fimbo kwa kurusha mawe. Bibi alipofariki wajomba wakakaa kikao, eneo likakatwa viwanja vinne, na mwembe ukajikuta umesimama juu ya mpaka. Jamani, mti uliosimama juu ya mpaka wa ndugu wawili hauna mtetezi.

Akaitwa kijana mwenye msumeno wa mnyororo, chenso kama wanavyouita wenyewe. Kabla ya adhuhuri mti ulikuwa chini. Niliazima futi ya fundi aliyekuwa anachimba msingi wa mjomba, nikapima gogo. Upana inchi 28. Kutoka shinani mpaka kwenye panda, futi 8 na ushee, limenyooka kama nguzo. Tulimlipa mkataji shilingi 120,000. Jioni wakaja wachoma mkaa, wakatupa shilingi 80,000 kwa mti mzima, wakalikatakata lile gogo vipande vya kubebeka na kuondoka nalo. Kwa hesabu ya darasa la tatu, tulitoa 40,000 mfukoni ili tuupoteze mwembe wa bibi.

Mwezi uliofuata nilinunua meza ya kuandikia, maana mwandishi gani anaandikia kitandani? Nikauziwa ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, imebandikwa karatasi yenye michirizi ili ifanane na mbao. Shilingi 180,000. Masika yalipoingia bati la chumba changu huku Bunju likavuja usiku mmoja tu, na meza ikavimba kama andazi. Ndipo nilipokaa juu ya ndoo, laptop mapajani, nikaanza kupiga hesabu za lile gogo. Hesabu zenyewe ndizo zilizonikasirisha.

KUKATA NA KUPASUA

Watu wa mbao wana maneno mawili ambayo sisi wa mjini tunayachanganya. Kukata ni kupitisha msumeno kuvuka gogo, kipande kidondoke. Kupasua ni kulifuata gogo kwa urefu wake, kutoka kichwa mpaka mwisho, litoke ubao. Ndiyo maana wale wazee wa zamani waliokuwa wakifanya kazi wawili wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo chini, tukiwaita wapasua mbao. Hakuna aliyewaita wakata mbao.

Sasa tazama mji wetu. Kutoka Bunju mpaka Mbagala, kutoka Goba mpaka Chamazi, kila wiki kuna mti mkubwa unaanguka. Mashamba yamegeuka viwanja, viwanja vimegeuka nyumba, nyumba zimegeuka fremu za maduka. Miembe, mifenesi, mikorosho, mijohoro, minazi iliyokufa kwa ugonjwa. Sitaki kujifanya mtakatifu hapa, kuna miti ambayo lazima itoke. Huwezi kujenga nyumba juu ya mzizi wa mwembe. Siandiki kuzuia watu kukata. Ninachouliza ni hiki: baada ya kukata, kwa nini hatupasui?

Kwa sababu hesabu ya gogo la bibi ni hii. Gogo la inchi 28 ukilichonga mraba unapata boriti la karibu inchi 19 kwa 19. Lipasue mbao za unene wa inchi 2. Msumeno wa mnyororo ni mlafi, kila unapopita unakula kama milimita 9 na kuzigeuza unga. Hata hivyo, katika zile inchi 19 unatoa mbao nane. Nane! Kila moja ina upana wa inchi 19 na urefu wa futi 8. Tupa mbili kwa sababu ya kiini na nyufa, zinabaki sita. Mbao mbili zikiunganishwa ni meza ya watu wanane yenye upana wa zaidi ya futi tatu. Kwa hiyo mwembe wa bibi ulikuwa na meza tatu za ukoo ndani yake, kila mtoto wa bibi angepata yake na wajukuu wangelia juu yake. Sisi tukaugeuza moto wa kuchemshia maharage.

Na hata huo moto haukuwa na faida ya maana. Tanuri la udongo la kienyeji, likienda vizuri, linakurudishia mkaa usiofika robo ya uzito wa kuni ulizoingiza. Zilizobaki ni moshi ulioingia kwenye pua za majirani.

MJI UNAOKULA MBALI

Najua kuna atakayesema, wewe kijana umeishiwa habari, mwembe mmoja ndio wa kuandikia kurasa? Haya, tuache mwembe mmoja, tuutazame mji.

Mwaka 2010 mtafiti Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la PNAS la Marekani. Waliangalia misitu inayozunguka Dar es Salaam, kati ya mwaka 1991 na 2005. Walichokikuta ni kwamba mji wetu unakula misitu kwa mawimbi. Kwanza hutoka wimbi la mbao za bei kubwa, kina mninga na mkongo. Nyuma yake huja mbao za bei ya kati. Nyuma kabisa huja mkaa, unaosomba kilichobaki. Na mawimbi hayo yalikuwa yanasogea kutoka mjini kwa kasi iliyofika kilomita 9 kwa mwaka. Kilomita 9 ni kama kutoka Posta mpaka Mwenge. Hebu fikiria, kila Januari fundi wako wa Keko anafuata mti wake hatua nyingine kama hiyo kwenda porini.

Halafu mwaka 2009 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake kuhusu mkaa. Inasema kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Katikati ya kipindi hichohicho, mwaka 2006, Serikali ilijaribu kupiga marufuku mkaa. Marufuku haikudumu, bei ikapaa, mama zetu wakanuna, tukarudi palepale.

Weka hayo mambo mawili pamoja. Mbao tunazifuata Rufiji, Kilwa, Tabora, na paina tunazifuata Mafinga na Njombe, karibu siku nzima ya lori. Na wakati lori linaingia mjini na mbao, mlango wa pili wa nyumba hiyohiyo linatoka gogo la inchi 28 kwenda tanurini. Mtu mwenye akili timamu akiona familia inakwenda kukopa unga kwa jirani wa kijiji cha tatu huku ya kwao inamwagia kuku, atasema nini? Atauliza kama kuna mtu mzima humo ndani.

KIJANA WA BUNJU

Nilidhani kupasua mti uani kunahitaji kiwanda, mpaka nilipokutana na kijana mmoja hapa Bunju. Jina lake nisilitaje, mtaelewa kwa nini. Nilifuata mlio wa msumeno asubuhi moja nikidhani kuna mti unaanguka. Nikakuta mti umeanguka zamani, mjohoro, na yeye ameuegemea kama mtu anayepiga pasi.

Chombo chake ni hiki. Ana msumeno wa mnyororo wa kawaida, mkubwa kidogo, wenye upanga mrefu. Kwenye upanga amefunga fremu ya paipu za mraba kwa boliti. Fremu hiyo ina kitako kinacholala juu ya gogo, na umbali kati ya kitako na upanga ndio unene wa ubao. Ukitaka inchi 2 unafungua boliti, unashusha, unakaza. Kwa mpasuo wa kwanza, kwa kuwa mgongo wa gogo ni wa mviringo, anapigilia juu yake reli: mbao mbili zilizonyooka sawasawa, zimeungwa kama ngazi. Fremu inateleza juu ya reli, upanga unafuata chini yake, na mgongo wa gogo unatoka ukiwa bapa kama sakafu. Kuanzia hapo reli haina kazi tena, maana mpasuo wa pili unateleza juu ya ule wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili.

Wenzetu wa nje wamekuwa na kitu hiki siku nyingi. Granberg wa California wanaiuza fremu ya namna hii kwa jina la Alaskan Mill, Logosol wa Sweden wana reli zao. Kijana wetu aliiona kwenye video, akachora kwenye boksi la viatu, akampelekea fundi wa kuchomelea. Kosa lake la kwanza, alivyonieleza, lilikuwa kutumia mnyororo uleule wa kukatia. Ukawa unalia, unatoa moshi, hausogei. Baadaye akajifunza kwamba meno ya kukatia hunolewa kwa pembe ya kama nyuzi 30, na ya kupasulia hunolewa karibu kunyooka, nyuzi 10 hivi. Alitumia jioni nzima na tupa, na kesho yake msumeno ukaingia kwenye gogo kwa utulivu.

Zaidi ya gharama za msumeno, tofauti ya kijana huyu na yule aliyetukatia Toangoma ni paipu za mraba, boliti nne na jioni moja ya kunoa. Hicho tu ndicho kilichosimama kati ya bibi yangu na meza tatu.

Ule mjohoro ulipofunguka ndani ulikuwa mweusi na rangi ya asali, michirizi kama manyoya ya kanga. Mwenye kiwanja, aliyetaka tu gogo liondoke ili lori la mchanga lipite, alisimama kimya. Halafu akasema: "Kumbe hii kitu ilikuwa humu ndani?"

HABARI ISIYO NA KIGOGO

Sasa sikilizeni mwisho wa habari ya kijana huyu. Wiki chache baadaye alipakia mbao sita kwenye guta kumpelekea fundi seremala. Barabarani akasimamishwa. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu iko wapi? Hana. Mti ulivunwa kwa kibali gani? Mti ulikuwa uani kwa mtu. Msumeno huu wa nani? Wake. Yakazungumzwa yanayozungumzwaga, na yeye akaondoka na msumeno lakini bila mbao. Mti uleule ungekuwa umechomwa mkaa na kupakiwa kwenye bodaboda gunia mojamoja, alfajiri, nina hakika ungefika. Gogo likiungua haliulizwi swali, likipasuliwa linaulizwa maswali matatu.

Nilikimbia na habari hii chumba cha habari. Mhariri akaisoma, akanitazama juu ya miwani. "Dogo, nzuri. Kigogo ni nani?" Nikamwambia mzee, kigogo ni mjohoro. Hakucheka. Habari isiyo na kigogo mwenye cheo haiuzi gazeti, ndiyo maana mnaisomea hapa.

Lakini tuwe waungwana. Woga wa Serikali kwa msumeno wa mnyororo haukutoka hewani. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, kusini kulifunguka kwa kila mtu, na wa kwanza kuingia walikuwa watu wa magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti iliyotikisa. Ilionyesha kwamba mazao ya mbao ambayo China iliandika kuwa imeyapokea kutoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale ambayo sisi tuliandika kuwa tumeyauza. Mara kumi! Sehemu tisa katika kumi hazikuonekana kwenye vitabu vyetu. Tena Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kusafirisha magogo nje mwaka 2004. Baada ya aibu ile, kila mwenye msumeno anatazamwa kama mwizi wa msitu.

Tatizo langu ni kwamba mwizi wa msitu na mpasuaji wa uani tunawapima kwa ratili moja. Na ukiangalia anayeumia, ni yule mdogo. Wa kusini wenye malori walikuwa na karatasi, tena nyingine zenye mihuri mizuri. Wa Bunju mwenye guta hana karatasi kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mjohoro wa uani utahitaji karatasi inayomfaa.

MARUFUKU HAIPASUI MBAO

Kuna watakaosema dawa ni moja, pigeni marufuku misumeno yote. Wenzetu wa Ghana walijaribu. Mwaka 1998 walipitisha kanuni zilizokataza kupasua mbao za biashara kwa msumeno wa mnyororo. Matokeo? Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walikuta kwamba sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa kwenye masoko ya ndani ya Ghana ilikuwa bado inatoka kwenye misumeno hiyohiyo. Viwanda vyenye leseni vilikuwa vinauza nje, na Mghana anayejenga nyumba alihitaji mbao. Kwa hiyo marufuku iliuacha msumeno ukifanya kazi, ikaufundisha tu kufanya kazi usiku. Na anayepasua usiku hapimi, hapangi, hanoi vizuri, anaharibu nusu ya mti na kukimbia.

Ufilipino walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya misumeno ya mwaka 2002 haikuuua msumeno, iliutaka usajiliwe na mwenye nao awe na kibali. Na tangu mwaka 1995 wana sheria inayosema mnazi haukatwi bila kibali, lakini ule uliozeeka au kuugua ukishapata kibali unapasuliwa na kuwa mbao halali ya kujengea. Sisemi Ufilipino ni peponi, wana wezi wao kama sisi. Nasema wamekubali kwamba mnazi uliokufa ni mbao. Sisi minazi yetu ya pwani imekufa kwa ugonjwa miaka nenda rudi, na wengi wanaiona ni kuni mbaya. Kweli mnazi una hila, mbao ngumu iko pembezoni, katikati ni laini kama sponji, na unamaliza makali ya mnyororo upesi. Lakini anayejua aanzie wapi kupasua anapata nguzo na mbao za paa.

Na tusijifanye kwamba haya ni mageni kwetu. Mitumbwi na ngalawa za pwani hii, wazee wamezichonga kwenye mwembe vizazi kwa vizazi. Mvuvi wa Kunduchi amekabidhi roho yake kwa mwembe katikati ya bahari, wewe wa Mbezi unaogopa kuukabidhi sahani ya wali? Mafundi wa Unguja walichonga milango kwa mfenesi. India, mwembe uliochoka kuzaa hukatwa na kuwa fanicha, na fanicha hiyo inauzwa mpaka Ulaya kwa bei ambayo ukiisikia utaomba maji ya kunywa. Mti ni uleule. Sisi ndio tuliojishusha.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Kwanza mtasema msumeno wa mnyororo unapoteza mbao nyingi. Kweli kabisa. Ukipasua ubao wa inchi 1, unatumia milimita 25 kwa ubao na 9 kwa unga, yaani zaidi ya robo ya ulichopasua imeruka hewani. Mashine ya msumeno wa utepe inakula milimita mbili au tatu tu. Kwa msitu wa kupandwa wa Mafinga, mwenye kupasua kwa chenso ni mharibifu na ninamlaani pamoja nanyi. Lakini mashine ya utepe haipiti kwenye kichochoro cha Mbagala, na gogo la tani mbili halitoki kwenye kichochoro hicho bila kukatwa vipande. Pale mshindani wa msumeno ni tanuri, na tanuri halibakishi hata ubao mmoja. Tena ukipasua mbao nene za inchi 2 hasara inashuka mpaka kama asilimia 15.

Pili mtasema mwembe utaoza, utatoa unga, utajikunja. Utafanya hivyo ukiutupa juani. Ubao wa mwembe ukitoka tu kwenye msumeno unapangwa kivulini, juu ya ardhi, vijiti vya unene sawa kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na mzigo mzito juu usijikunje. Unapakwa maji ya boraksi kuzuia wadudu. Unasubiri miezi, siyo siku. Ukungu wa bluu utauona kama utachelewa kuupasua baada ya kuukata. Hii ni kazi ya uvumilivu, haihitaji digrii. Mimi ninayo moja na haikunisaidia kuokoa meza yangu.

Tatu, na hili ndilo zito, mtasema tukiruhusu mbao za uani, majambazi watapitisha mninga wa Kilwa na kusema ni mwembe wa Chamazi. Jamani, seremala yeyote wa Keko atakutofautishia mninga na mwembe akiwa amefumba macho, kwa harufu na uzito. Ofisa wa misitu aliyesoma hashindwi. Na mti wa uani una kitu ambacho mti wa porini hauna, una anwani. Una mwenye kiwanja, majirani na mjumbe. Kisiki chake kipo, nenda kakiangalie.

Nne, mtasema ni hatari. Ni hatari, kelele zenyewe zinatisha. Lakini hatari kubwa zaidi ni ile tunayoiona kila siku, kijana wa kandambili anapasua kwa jicho, bila reli, upanga unacheza, hana kofia wala miwani wala kizibo cha masikio. Reli na fremu vinaushika upanga mahali pamoja. Anayetaka usalama aanze kudai reli.

BASI TUFANYE NINI

Sitaki kumaliza kwa kulalamika, maana kulalamika ni ajira ambayo Wabongo tumeshaijaza. Nina mambo matatu.

La kwanza ni kwa Wakala wa Huduma za Misitu na manispaa zetu za Kinondoni na Temeke. Tengenezeni kibali cha mti wa mjini, karatasi moja tu. Mwenye kiwanja anapoomba kuukata, mtendaji wa mtaa aandike ni mti gani, una unene gani, uko kiwanja gani, na picha yake. Karatasi hiyohiyo imsindikize mpasuaji na mbao zake mpaka kwa seremala. Tozeni ada ndogo. Msumeno usajiliwe, uwe na namba, na mwenye nao ajulikane. Mkimkamata akipasua mninga usio na makaratasi, mfungeni, nitakuja kuandika habari yake kwa furaha.

La pili ni kwa vyuo. VETA iko palepale Chang'ombe. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, Mafinga wanafundisha kazi za mbao za misitu ya kupandwa. Kozi ya wiki mbili ya kunoa mnyororo wa kupasulia, kufunga reli, kupanga mbao zikauke na kulinda vidole vyako haiwezi kumshinda mtu. Waalikeni hawa vijana wa misumeno wanaozurura Tegeta na Mbagala wakiwa na mabango ya kadibodi, "Tunakata miti". Waongezeeni neno moja kwenye bango.

La tatu ni letu sisi wenyewe, wasomi wa mjini tunaonunua viwanja kwa kuchangishana. Siku ukimwita mkataji, muulize anajua kupasua. Kama hajui, mtafute anayejua kabla mti haujaanguka, maana ukishakatwa vipande vya futi mbili mbili hakuna fundi wa kuurudisha. Gogo liache refu. Usimwite mchoma mkaa kwa shina, mwachie matawi, yanamtosha. Na kama huna haja ya meza, seremala wa jirani anayo.

Wiki iliyopita mjomba wangu wa pili amepiga simu. Yule mfenesi ulioko kwenye kiwanja chake, upande wa choo cha zamani cha bibi, nao unatoka mwezi ujao, anataka kuweka karo. Ameshazungumza na mkataji, yule yule, na wachoma mkaa wameshapita kuuangalia. Nimemwambia: "Shikamoo mjomba, naomba wasiguse shina mpaka nifike." Amecheka, akauliza tangu lini waandishi wa habari wamekuwa maseremala. Nimemwambia 80,000 ya wachoma mkaa nitamlipa mimi.

Kijana wa Bunju amekubali kuja. Ananidai nauli, mafuta na chakula cha mchana, na ana wasiwasi na barabara, kwa hiyo mbao hazitasafiri kokote. Zitapangwa palepale, kivulini, kati ya kuta za nyumba mbili za ndugu ambao hawasalimiani sana siku hizi. Zitahitaji mtu wa kuzigeuza kila baada ya wiki kadhaa. Nimewaambia wajomba kwamba watapeana zamu.

Ukinisikia niko kimya wiki hizo, jua niko Toangoma nimeshika upande wa pili wa reli.